Ulisimama Mbele Yao Ukasema Hujapona

Kumbukumbu ya mama yetu Theodora Simeoni, Mama Chediel wa Misigiri, Iramba

Mwaka umezunguka ukatimia, Mama, tangu tulipokulaza katika udongo wa Misigiri, alizeti zikiwa zimechanua pande zote mbili za njia ya makaburini. Mwaka huu zimechanua tena. Baba alipalilia shamba lako kwanza, la kwake baadaye, na alipoulizwa sababu alisema wewe ndiye uliyekuwa huna subira.

Tulitaka kukuandikia machache tu, kama familia nyingine zinavyofanya: picha yako, majina yetu, basi. Lakini wiki iliyopita watu wa kamati ya mkutano wa injili walifika nyumbani. Walimkuta Esta, kitinda mimba wako, anaanua nguo za mtoto. Walikaa, wakanywa chai, wakasema yule mhubiri mgeni anarudi baada ya mavuno, uwanja uleule. Wangependa Esta apande jukwaani atubu kwa niaba yako, ili baraka za kijiji zifunguke.

"Atubu nini?" Baba akauliza kutoka mlangoni.

"Mzee Simeoni, sote tunajua mama alikuwa mtu mwema," mmoja wao akasema kwa upole. "Ila siku ile aliukataa uponyaji wa Mungu mbele za watu. Ndiyo maana hakufikia mavuno mengine."

Neno lililokuwa mdomoni mwa Esta lisingefaa kusemwa mbele ya wageni walioshika vikombe vyetu. Alisema familia itakaa izungumze. Tumekaa, tumezungumza. Jibu tunalileta kwako kwanza, Mama, na wao wasikie.

Wenye magari ya barabara kuu walikujua kwa mafuta ya alizeti. Ulipanga chupa zako mezani pale kituoni, na dereva akiuliza kama ni mapya ulimwambia ilivyo. "Haya ya mbele ni ya juzi. Yale ya nyuma ni ya msimu uliopita, kaangia samaki, usikaangie maandazi." Rebeka, jirani yako wa meza, alisonya. "Mama Chediel, utatufukuzia wateja." Ukamwambia mteja akidanganywa, tumbo lake litaikumbuka Misigiri.

Na tuseme jambo ambalo matangazo ya namna hii huliruka: ulikuwa na kiburi, Mama. Siyo cha nguo wala cha maneno, kiburi cha mikono. Chediel akishika upande wa pili wa gunia, ulimwambia akatafute gunia lake. Ulitembelea wagonjwa wote wa usharika na uji wako wa uwele, lakini wewe hukuwahi kutembelewa, kwa kuwa hukuwahi kulala. Uliamini hiyo ndiyo imani. Hata sala zako zilikuwa kama maagizo kwa fundi: mvua ije lini, Chediel apate kazi wapi, Esta aolewe na nani.

Halafu nyonga ikaanza. Ulisema ni uchovu, ukaendelea kubeba. Ulipokubali kwenda hospitali, uvimbe ulikuwa umeshaula mfupa. Wakakupa dawa za maumivu na magongo mawili, wakamwambia Baba pembeni kwamba hapo walipofikia ni kukutunza tu. Ulirudi umekasirika, ukawakasirikia hata kuku.

Siku Esta alipotaka kukuogesha ulimfungia mlango wa bafu. Akasikia kishindo. Alipoingia, ulikuwa umekaa kwenye maji ya sabuni unalia, na haikuwa kwa maumivu.

"Mwanangu, usiniangalie."

"Mbona wewe uliniangalia?"

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Basi leo ni zamu yako. Inua mkono."

Ukauinua. Esta hajawahi kuona kitu kizito kikiinuliwa namna ile, na alikuona ukibeba magunia maisha yake yote. Baadaye, umejifunga kanga kavu, umeketi juani, ulimwambia bila kumtazama: "Nilidhani nampenda Mungu. Kumbe nilikuwa nazipenda nguvu zangu."

Toka siku hiyo ulibadilika, na sisi tuliokuzoea tulishtuka. Ulijifunza kusema nisaidie. Ulijifunza kusema asante bila kuongeza kwamba ungeweza mwenyewe. Sala zako zikawa fupi, na baada ya amina ulibaki umefumba macho, kama mtu anayengoja naye ajibiwe. Ulipokuwa na miguu hukuwa na nafasi ya kumbeba mjukuu. Magongo yalipokuja, Martina, binti wa Esta, akapata mapaja ya bibi kila jioni, na mama yake akapata nafasi ya kurudi kwenye masomo ya jioni aliyokuwa ameyaacha. Alipositasita ulimfukuza. "Nenda kasome. Mimi na mwanao hatuendi kokote."

Hatusemi maumivu ni mazuri. Tulikuona unauma pindo la kanga ili Martina asiamke. Yeyote anayesifu mateso, na aje tumweleze sauti ya meno yako. Tunasema tu kwamba Mungu alikukuta humo, chini kabisa, mahali ambapo zamani usingekubali kukaa.

Ndipo mkutano ukaja. Esta alikuwa na matumaini kuliko sisi wote. Alikufulia gauni la kanisani, akakupaka mafuta miguu yote miwili, hata ule uliovimba. Miraji wa mashine ya kukamua alizeti alikupakia kwenye bajaji yake. "Mama, mimi Mwislamu nitasubiri nje ya uwanja," alisema. "Ukitoka unakimbia, nipungie mkono tu, nisikae bure."

Wagonjwa walipoitwa mbele, Rebeka alitangulia. Alisema presha yake imeondoka, anausikia mwili mwepesi, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Kisha mhubiri akakuona wewe. Akakuombea kwa nguvu, jasho linamtoka, na tunaamini aliomba kwa moyo. Akayachukua magongo akampa kijana wake. Ulisimama, ukatupa hatua moja, goti likakatika. Wasaidizi wakakudaka kwapani, wakakushikilia wima. Mhubiri akakusogezea kipaza sauti.

"Waambie watu, mama. Sema nimepona."

"Bwana asifiwe," ulisema.

"Amina," uwanja ukaitika.

"Mtumishi, nakushukuru, umeniombea vizuri. Waliopona nafurahi pamoja nao. Ila mimi sijapona. Nyonga inauma kama ilivyouma asubuhi. Mungu yupo nami hivihivi inavyouma, siwezi kumsingizia."

Hapo ikabaki kusikika jenereta tu. Mhubiri akavuta kipaza sauti, akasema mama huyu ana roho ya ubishi. Wewe hukuhitaji kipaza sauti, barabara kuu ilikuwa imekufundisha kupaza.

"Ubishi ninao, baba, hata mume wangu anajua. Nirudishie magongo yangu nishuke."

Wako waliocheka, Baba akiwa wa kwanza. Lakini wengi hawakucheka. Ulipita katikati yao taratibu, watu wakisogeza watoto wao kama vile ungewaambukiza. Miraji alikuona unakuja, akatupa kijiti cha meno.

"Naona hujakimbia."

"Sijakimbia. Washa chombo."

Nyumbani, Esta alipokuwa anakuvua viatu, ndipo akashindwa kuvumilia.

"Ungesema tu umepona, Mama. Pengine ungepona ukiwa njiani."

"Na nisingepona? Ningeishi na uongo na nyonga pia."

"Watasema huna imani."

"Yesu aliomba kule bustanini kikombe kiondoke. Jasho likamtoka. Hakikuondoka. Nani alimwambia hana imani?" Ukamshika kidevu, kama ulivyomshika alipokuwa mdogo. "Mimi naomba kupona kila siku, Esta. Sijaacha. Ila nikimwomba Mungu, simwekei maneno mdomoni."

Na kweli wakasema huna imani. Akina mama waliacha kupita. Rebeka alihamisha meza yake ya mafuta, akaiweka ng'ambo ya barabara, na kwa kila aliyeuliza alisema wewe umezuia upako wa wenzako. Wewe wa zamani ungevuka barabara ukamjibu. Sisi tulisubiri uvuke. Ulibaki umekaa, ukawa unamwombea kwa jina, kwa sauti, mpaka Esta akakuomba umwombee kimyakimya maana inamuudhi.

Kisha siku moja Rebeka akaanguka mezani kwake. Tukajua kwamba baada ya mkutano alizitupa dawa zake za presha chooni, kwa kuwa ameshasema amepona. Akalazwa ndani, mdomo umepinda kidogo, anakataa kupelekwa hospitali. Ulichukua magongo yako ukaenda. Esta alikufuata na Martina mgongoni, na tusifiche, alikuwa ameshaandaa ya kumwambia Rebeka. Alidhani na wewe umeyaandaa.

Kitanda kilikuwa cha chini sana. Ili umwone usoni ilikubidi ukae chini, na kukaa chini kwako kulikuwa ni kazi ya watu wawili. Ukakaa. Ukamshika mkono.

"Rebeka, nimekuja kukuomba. Meza dawa."

"Nitaonekana muongo, Mama Chediel."

"Utaonekana uko hai. Mimi nimeshazoea kusemwa. Njoo tusemwe wawili."

Rebeka akacheka huku analia. Miraji akaleta bajaji, wakampeleka hospitali jioni ileile. Yu hai. Anatembea. Wiki hii tulipomwambia tunakuandikia, tukamuuliza kama tufiche jina lake, alisema: "Andikeni Rebeka, na aandikwe ni yule wa mafuta, wasije wakadhani ni Rebeka mwingine."

Baada yake walikuja wengine, kwa mlango wa nyuma kwanza, halafu kwa mlango wa mbele. Mwenye mguu mbovu, mwenye sukari, mama aliyezika watoto. Walikuja kwa sababu kwako mtu aliweza kusema bado inauma, na bado akaombewa. Zamani ulikuwa unapeleka uji na kuondoka upesi. Sasa hukuweza kuondoka, na wao wakasema hawajawahi kutembelewa vizuri kama walivyotembelewa na mtu waliyemfuata kwake.

Siku za mwisho Esta alikuuliza kama unaogopa. Ulifikiri kwanza, hukuwa mtu wa kujibu kwa haraka tena.

"Kidogo," ulisema. "Lakini sina upweke ule niliokuwa nao nikiwa mzima."

Ulituaga mchana kweupe, mkono wako mmoja kwa Baba, mwingine kwa Esta, wala hukuwa umekunja ngumi.

Sasa wanataka tutubu kwa niaba yako.

Jibu ni hapana. Esta hatapanda jukwaani kusema ulikosa. Chediel amepiga simu kutoka Singida mjini, amesema Esta asitubu hata kwa kikohozi. Baba amesema yeye ameishi na wewe miaka yote hiyo, na kama kuna dhambi zako zilizobaki bila kutubiwa, ni zile za kumkatiza akiongea, nazo ameshazisamehe.

Hatuna ugomvi na mhubiri. Akija tutamwamkia na kumkaribisha maji. Waliopona kwake, tunamshukuru Mungu pamoja nao. Lakini hakuna atakayetuambia kwamba aliyekufa mgonjwa alikufa bila imani. Bwana wetu naye aliambiwa na waliomzunguka ashuke msalabani ili waamini. Hakushuka. Na hatujasikia kwamba mama yake aliitwa mbele za watu kuomba radhi kwa hilo.

Wewe hukushuka, Mama. Walikuita kutoka kwenye maumivu yako kwa njia ya mkato, ukakataa, ukapita njia yenyewe, na kila aliyekuona unaipita alikuona unakua. Uliingia kwenye ugonjwa ukiwa hodari. Ulitoka ukiwa mpole, na mpole yule alikuwa na nguvu ambazo hodari hakuwahi kuwa nazo. Kama hiyo ndiyo kukosa imani, basi na sisi Mungu atukoseshe imani kwa namna hiyo kila siku.

Esta anamaliza mitihani yake mwaka huu. Anataka kusomea uuguzi. Anasema anajua pa kuanzia: mtu akisema inauma, unamwamini.

Ibada ya shukrani itakuwa nyumbani Jumapili hii, baada ya ibada ya kanisani. Ndugu wa kamati, na ninyi karibuni. Njooni mlisikie jibu hili kwa midomo yetu, mle chakula, mtuombee. Tutaitika amina.

Unakumbukwa na mumeo Simeoni, wanao Chediel, Joseph na Esta, mkweo Catherine, wajukuu zako, pamoja na Martina ambaye bado anakataa kulala kwenye mapaja ya mtu mwingine, dada yako Martina wa Sepuka, aliyempa mtoto jina, Miraji wa mashine, na Rebeka, yule wa mafuta, ambaye meza yake imerudi upande wetu wa barabara.

Hatutakusahau, Mama. Wala hatutakukana.