Chuma cha Mama Kimekatika

Jumatatu, Julai. Baridi ya leo inaingia mpaka ndani ya mifupa, na jua halijaonekana tangu asubuhi. Nina hasira. Naandika kwa sababu nikimpigia mtu simu nitamfokea bure.

Bamba la chuma lililowekwa kwenye paja la Mama limevunjika. Halikupinda. Limekatika vipande viwili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini, na kutwa nzima navunja mabamba kama lile. Kila moja nalifunga kwenye mfupa wa plastiki uliokatwa katikati, kwa zile skrubu ambazo vichwa vyake vina meno ya kujifunga ndani ya matundu ya bamba. Kisha mashine inakandamiza na kuachilia, inakandamiza na kuachilia. Skrubu za aina hiyo hazilegei kirahisi. Zinashika sana, kwa hiyo mzigo wote unaliangukia bamba lenyewe, pale kwenye mwanya wa mfupa, nalo linachoka polepole kama waya unaoukunja huku na huku. Mwishowe hukatika kwenye tundu.

Haya yote nilimweleza Mama alipotoka hospitalini, baada ya kuteleza kwenye ngazi za ploti yake ya nyumba za kupangisha kule mtaa wa Satellite. Nilimwambia chuma ni cha kushikilia tu mfupa uungane, na asiukanyagie mguu mpaka daktari aseme. Alinisikiliza vile watu husikiliza matangazo ya harusi za watu wasiowajua.

Halafu wakaja kina mama wa kanisa na mikate na sukari. Mwenyekiti wao, Mama Njoroge, aligonga lile paja kwa vidole, akasema, "Wewe uko na chuma sasa. Sisi wengine tuko na mifupa tu. Unaogopa nini?"

Wote wakacheka, Mama akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo leo inanikera kuliko baridi.

Jana ilikuwa shukrani yake. Kanisani kwetu mtu akipona hashukuru akiwa ameketi. Anaitwa mbele, na kina mama wanamsindikiza wakiimba na kucheza mpaka madhabahuni. Tulikuwa tumekubaliana na Mama kwamba ataenda na mikongojo, polepole, bila mbwembwe. Walipofika katikati, Mama alimkabidhi Mama Njoroge mikongojo yote miwili, akainua mikono. Kanisa zima likapiga vigelegele. Akacheza hatua chache, kisha nikamwona akidaka benchi, na ule mguu ukakunjika chini yake.

Watu walidhani ameguswa na Roho.

Mimi nilijua ni nini.

Leo daktari alituonyesha eksirei. Skrubu zote ziko mahali pake, hakuna hata moja iliyosogea. Bamba limekatika kwenye tundu, palepale ambapo ningeweka kidole hata bila kuangalia picha. Daktari akauliza kama jana ndiyo mara ya kwanza kuukanyagia huo mguu. Mama akatazama ukuta. Kumbe tangu wale wenzake waje, kila asubuhi amekuwa akienda kulisha kuku bila mikongojo, mimi nikiwa kazini. Chuma kilikuwa kinachoka kila siku, naye akadhani ni yeye anayepata nguvu.

Nilitaka kupiga kelele mle ndani. Nimemkasirikia Mama Njoroge, nimewakasirikia hata kuku. Mama nimemkasirikia kuliko wote, kwa sababu anaamini neno la kila mtu isipokuwa langu. Na chini ya hasira hiyo yote naogopa. Daktari hakuficha: kuufungua mguu mara ya pili ni kazi ngumu zaidi, na mfupa wa mtu wa umri wake unaweza kukataa kuunga. Ukikataa, hatatembea tena bila kushikwa.

Daktari alipotoka, Mama akanishika mkono. Huniita Maitu, yaani mama kwa lugha yetu, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Maitu, hii ingine wataniwekea, itashika? Wewe ndio unajua hizi vitu."

Tangu aanguke, ndiyo mara ya kwanza ameniuliza chochote. Kwenye mashine yetu hakuna mfupa unaounga. Plastiki haiponi, kwa hiyo mabamba yangu yote huvunjika, na ninachopima mimi ni yatachukua muda gani tu. Sijawahi kuona hata moja likidumu mpaka kazi yake ikaisha.

Alikuwa bado ananitazama.

Nikamwambia itashika. Akaniamini papo hapo, bila swali hata moja.