Kilichokuwa Ndani ya Jiwe la Marko

Raheli mwenzangu, naandika haraka, univumilie.

Ni Costancia wetu. Yule yule aliyefukuza ngiri kwa jembe kwenye shamba la ujamaa kule Rudewa! Leo kapiga yowe mpaka majirani wote hapa Mikumi wakaja.

Mwanawe Marko ana lile sanduku la kioo la samaki wa maji ya chumvi. Wiki hii samaki wanatoweka, na ndani ya jiwe la baharini alilowawekea humo kitu kinagonga, ta! ta! Marko akamtania, "Mama, kwani unawakaanga?" Costancia akachukia. Akakunja mkono wa gauni, akapapasa chini ya jiwe kama tulivyopapasa kambale mtoni Mkondoa. Kambale, Raheli!

Kikampiga. Mlio kama wa bunduki. Kidole gumba kimepasuka, maji yakawa mekundu. Akachomoza kamba wa baharini, mikono kaikunja kama vunjajungu, macho kila moja linatazama kwake. Marko akasema, "Kumbe alikuja amejificha ndani ya jiwe."

Wamekwenda hospitali. Nimebaki hapa kwao na mjukuu wa Costancia mgongoni.

Sasa kamba anagonga kioo chenyewe. Ufa umefika katikati.