Paka Hajabatizwa

Jumanne, 25 Machi

Mvua toka asubuhi. Nepi hazikauki. Aidani ananyonya mpaka mgongo unaniuma.

Sista hakula tena. Ugali na maharage, chakula kile kile tangu Jumatano ya Majivu. Kanusa, kanitazama, karudi kwenye boksi kwa watoto wake. Nao wanavuta titi huku wanalia. (Sista ni paka. Binti yangu Violet ndiye aliyempa jina, kwa ule weusi na kifua cheupe.) Tangu Krismasi simtoi nje, jirani yetu Zuhra ametega sumu ya panya. Kwa hiyo panya hapati, na dagaa siku hizi hapati.

Zuhra kachungulia dirishani, kacheka: "Sisi tukifunga, jioni tunafuturu. Huyu sista wenu anafuturu lini?"

Alhamisi, 27 Machi

Sista kagonga kigoda! Mchana kweupe. Mboni zimetanuka kama za gizani. Violet kampitishia kidole mbele ya macho. Hapepesi. "Mama, mbona hanitazami?"

Nikamfuata mama mkwe. Nadhiri ni yake. Januari Aidani alizaliwa hapumui, na bibi yake alipiga magoti kwenye korido ya hospitali: mtoto akiishi, nyumba hii haitaingia nyama wala samaki Kwaresima nzima. Aidani akaishi. Sasa mimi nibishe nini?

Nikasema taratibu, "Mama, lakini paka hajabatizwa."

"Nilimwambia Mungu nyumba. Sikumwambia watu." Akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda Bombambili, Aidani mgongoni, Sista kwenye kikapu. Dorine ana duka la dawa za mifugo pale, tulikaa dawati moja shule ya msingi. Kamwangalia paka, kanigeukia mimi.

"We Mama Violet! Paka siyo mbuzi!"

Kamfungua mdomo. Meno yote ni ya kukata, kama mkasi, hakuna la kusagia. Utumbo mfupi — nafaka inapita tu. Kasema kuna kitu cha macho na cha moyo ambacho mwili wangu unakitengeneza wenyewe, wa paka karibu hautengenezi kabisa. Mababu zake walikula nyama kila siku, kitu kile walikikuta humo humo. Ni kama mtu anayeletewa maji mlangoni miaka yote, atachimba kisima cha nini? Sasa maji yamekatika.

Na lingine. Sisi tukikosa nyama, mwili unabana matumizi. Wa paka haujui kubana. Unachoma nyama tu. Asipoila, anajila mwenyewe. Ndiyo maana mgongo umekuwa msumeno. Na bado ananyonyesha!

Nikauliza macho. Dorine kasema yaliyokwisha kufa huenda yasirudi. Moyo ndio tuuwahi. "Dagaa, leo. Usingoje Pasaka."

Nimerudi nalia njia nzima. Mimi nakula maharage na maziwa yanatoka. Nilidhani kwake ni hivyo hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa nimenunua dagaa wa Nyasa, nimewafunga kwenye pindo la kanga. Kuingia nao ndani siwezi. Lakini baraza ni nyumba au siyo nyumba? Na upenu? Nimezunguka uwanja mzima kama mwizi. Mwisho nyuma ya banda la kuni, nimemshika kiunoni asije akaenda kwa Zuhra.

Mungu wangu, alivyokula! Alikuwa ananguruma. Alitaka kumeza na kidole changu.

Violet katokea. "Bibi anajua?"

Nikamwambia hapana, na asimwambie. Mimi, ninayemchapa akidanganya.

Jumanne, 1 Aprili

Kala tena. Watoto wake hawalii sana. Hajaona kidole bado. Nitamwambia mama mkwe mwenyewe, kesho.

Jumatano, 2 Aprili

Aidani anachemka.

Alianza alfajiri. Kifua kinakoroma, titi analiachia. Nimempigia mume wangu Leonce kule Mbesa kwenye ujenzi wake, kasema mpeleke hospitali, mpe simu mama. Sikumpa.

Mama mkwe kamgusa mjukuu, kakaa chini. Kauliza kwa sauti ndogo, siyo mimi, ukuta: "Nani kaivunja?"

Ni mafua. Mvua wiki nzima, mtoto nimempitisha barabarani. Ni mafua! Lakini mikono yangu inanuka dagaa.

Naandika tukingoja bodaboda. Mama mkwe anavaa chumbani, Violet yuko naye. Sista kasikia nimekaa, kaja anapapasa ukuta mpaka mlangoni. Analia. Ni saa yake ya kula, na dagaa wake bado ninao hapa kwenye pindo. Nje matope, Aidani siwezi kumweka chini.

Nimefungua fundo. Hapa hapa, ndani. Anakula.

Honi hiyo. Na chumbani Violet anasema, "Bibi, nikuambie kitu?"