Sabuni ya Mama Yako, Neema

Mpendwa Neema, binti yetu uliye Lyon,

Jana kwenye simu uliniuliza, "Mutoto akizaliwa, atakuita nani, Tantine?" Nikakujibu kuwa sufuria inaungua, nikakata. Hakukuwa na sufuria yoyote motoni. Sauti ndiyo ilinikauka. Leo nimetulia mezani, mafuta ya sabuni yanapoa pale jikoni, basi nina nafasi ya kukujibu kama mtu mzima.

Unakumbuka siku ulipofika kutoka Bukavu, hapa mtaani kwetu Saint-Josse? Nilikuwa mke mpya wa baba yako, ukaniita Tantine, kama shangazi, nami nilikupikia sombe, yale majani ya muhogo, kana kwamba napokea balozi. Hukuyagusa. Mfukoni mwa koti ulikuwa na kipande cha sabuni ya mawese na mchaichai, aliyoitengeneza mama yako kabla hajafariki mkamzika Bukavu. Hukuogea sabuni ile hata siku moja, uliinusa tu. Halafu nikaona umeanza kuikwangua kwa kucha, kwa sababu harufu ilikuwa inaisha. Nilisimama mlangoni na nguo zako nilizopiga pasi, nikaumia sana. Sikutaka kukalia kiti cha mtu. Nilitaka tu harufu ile isikuishie ukiwa mikononi mwangu.

Basi nikajitia fundi wa sabuni. Nilinunua mawese kwenye maduka ya watu wa kwetu, kule Matonge, na kichupa cha mafuta ya mchaichai karibu na Porte de Namur, bei yake usiniulize. Unanijua nilivyo na pupa. Ile soda kali ya kugandishia sabuni ukiitia kwenye maji huchemka yenyewe bila moto, na mimi sikuiacha ipoe. Nikaichanganya na mafuta, nikamimina manukato juu yake, na kila kitu kikaganda palepale, mwiko ukasimama wima kama kwenye ugali wa fufu. Harufu yote ikatoka kupitia mlangoni. Jirani wa juu akaja kuuliza nani anapika chai.

Mara ya pili nikaweka jagi la soda nje ya dirisha, kwenye baridi ya Januari ile! Likapoa kupita kiasi, na mawese yakafanya punje punje. Mara ya tatu nikachukua kipimajoto chetu cha homa, nikakitumbukiza kwenye mafuta. Baba yako akanikuta nimekikodolea macho.

"Alors, chérie, sabuni iko na palu?"

Ukacheka kusikia sabuni ina malaria. Ulikuwa umeegemea friji, na sikuwahi kusikia kicheko chako kabla ya hapo. Nilisahau hata kumkasirikia baba yako.

Kisha ukaja taratibu, ukaweka kiganja ubavuni mwa sufuria, halafu ubavuni mwa jagi.

"Bado, Tantine. Iko moto sana, harufu itakimbia."

"Bon, tungojee mpaka lini?"

"Mpaka ikuwe kama maji ya kuogesha mutoto. Njo vile Maman alikuwaka anafanya."

Tukakaa. Ukanisimulia jinsi mama yako alivyokuwa akiimba vibaya huku akikoroga, na jinsi alivyowafukuza jikoni wote ila wewe. Baadaye ukaushika mkono wangu, ukaubandika kwenye sufuria ili nami nijue. Tangu ufike hukuwa umenigusa. Mkono wako ulikuwa mdogo na una jasho, na nilitamani mafuta yale yasipoe upesi.

Tulipoichanganya na kuimwaga kwenye boksi, nilileta blanketi kuifunika. Ukaninyang'anya. Ukasema manukato yenyewe yanaitia joto, nikiifunika itapasuka katikati. Tukaiacha wazi, tukaikausha juu ya kabati kwa wiki kadhaa. Siku ulipoiogea ulitoka bafuni nywele zinadondosha maji, ukakaa mezani, ukala sombe sahani mbili. Kile kipande cha zamani ukakilaza kwenye droo, na hukukikwangua tena.

Sitakuficha, Neema. Zilikuwepo siku nilizotamani uniite maman. Siku ya harusi yako nilijifungia chooni, nikalia kidogo, nikajipaka poda, nikatoka. Lakini hukunidai niwe mtu mwingine, nami sikukudai hivyo. Nimekuwa Tantine wako na nimefurahi.

Sasa jibu lako. Mtoto wako ana bibi yake amelala Bukavu. Mtajie jina lake, mwambie alikuwa anaimba vibaya. Baada ya hapo, kama moyo wako unaridhia, mimi naomba aniite koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Hilo ndilo lililonikausha sauti jana. Nalitaka mno, nikaogopa kulitamka.

Sabuni ninayoitengeneza leo ni ya kwako. Ya mtoto nitaiacha bila manukato, ngozi yake bado changa. Siku ya kumwogesha usihangaike na kipimajoto. Tia kiganja chako majini, mama yako alikifundisha vizuri. Nami nikiwa nimeshafika, ushike na changu, ukitie pamoja.

Nimetoka kuigusa sufuria sasa hivi. Bado kidogo.

Akupendaye,
Koko wa Saint-Josse