Mwewe Asiye Wetu

Duka la Fulana la Lorna,
214 Barabara ya Elm,
Harlan Creek, Nebraska.
22 Septemba 2019

Mpendwa Shangazi Winifred,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani, na za Duane pia, ambaye amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Magoti yanakuendeaje na hiyo baridi ya Alaska? Yule daktari mpya amekubadilishia dawa, au bado anakuambia utembee tu? Sisi miili ni mizima. Mahindi yamekomaa, na mvua ikikubali Duane ataanza kuvuna wiki ijayo.

Ila moyo wangu si mzima, Shangazi. Nina hofu, na ninakuandikia wewe kwa sababu hapa mjini hakuna ninayeweza kumwambia.

Mwezi wa saba shule iliniagiza bango kubwa la kuning'iniza kwenye ukumbi wa michezo, pamoja na fulana mia tatu za mechi ya kuwakaribisha waliosoma zamani. Kama kawaida nikamwomba karani picha ya Mwewe wetu, nembo ya shule. Akaniletea ileile ya miaka yote, iliyonakiliwa ikanakiliwa tena mpaka jicho limebaki doa. Kwenye fulana inapita. Ukiikuza iwe bango la mita nne, unapata kuku aliyenyeshewa.

Basi nikatafuta kwenye mtandao, na huko nikamkuta Mwewe yuleyule, manyoya yote yanahesabika, kwenye ukurasa wa chuo kikuu kimoja cha kusini. Mimi na akili zangu nikadhani watu wa Mwewe mmoja ni kama ndugu. Nikawaandikia kwa adabu zote: sisi ni shule ndogo ya Nebraska, Mwewe huyu tunaye tangu 1974, tafadhali mtutumie picha safi. Nikaambatanisha na picha ya sakafu ya ukumbi wetu, alipochorwa Mwewe, ili wapendezwe.

Jibu halikuja kwangu. Lilikwenda shuleni, kutoka kwa mawakili. Mwewe ni mali yao, amesajiliwa, na sisi hatukuwahi kuomba kibali. Tumepewa mpaka mwisho wa mwaka tumfute sakafuni, kwenye mabasi, kwenye sare za bendi, na kwenye mnara wa maji. Hakuna kumchapa tena hata kwenye kikombe. Mkuu wa shule, Bwana Tillotson, alitangaza kwamba kuna mtu aliyewajulisha, lakini si juu yake kumtaja.

Wewe uliyeshangilia miaka minne na huyo Mwewe kifuani utaelewa. Mji umenuna kama uko msibani. Mzee Orville Stubbe, aliyempaka Mwewe kule mnarani kwa mkono wake, alilia kanisani mbele ya watu.

Wiki iliyopita Kocha Haverkamp aliingia dukani, uso umemwiva.

"Ni wale washenzi wa shule ya Dunmore! Tumewatandika thelathini na moja bila, wakaona watuchongee."

"Acha hizo, Kocha," akadakia Peg wa posta. "Dunmore hawana akili hiyo. Ni yule mwalimu wa kuchora, Delphine. Si ndiye aliyesema Mwewe wetu anaonekana wa kuazima? Kaja juzi tu, keshatubomolea nyumba. Eti Lorna, wewe waonaje?"

Nikasema wino unanikaukia, nikakimbilia chumba cha nyuma.

Tangu hapo Delphine Oyler hana amani. Gari lake limepigwa mayai, watoto hawamjibu darasani, na Jumanne bodi ya shule inakaa kuamua kama abaki au aende. Hana mume, na ana binti wa miaka minne. Mimi ninayejua ukweli nimefyata ulimi.

Naogopa, Shangazi. Kengele ya mlango ikilia tu, nachungulia kwanza nani anaingia. Duka hili linaishi kwa kazi za shule, wakinisusa, nafunga. Na watu wa hapa unawajua hawasahau. Mpaka leo wanamsema marehemu Mjomba Carl kwa kudondosha mpira mwaka 1981.

Jana Delphine mwenyewe alikuja. Nilijua amekuja kunitukana. Kumbe alikuwa na mchoro wa mwewe mpya, uliochorwa na wanafunzi wake, mdomo umepinda kidogo. Bwana Tillotson amempa kazi ya kuwasimamia watafute nembo ya kwao wenyewe.

"Bwana Tillotson alinionyesha barua ya mawakili, nijue nini tusirudie," akasema polepole. "Yote, Bi Lorna. Na ile yako wameiambatanisha."

Nilikwenda kufunga mlango.

"Sijamwambia mtu, wala sitamwambia. Naomba tu unichapie fulana moja ya huyu mwewe, saizi ya mwanangu. Tukifukuzwa, angalau aondoke na kitu cha hapa."

Nilimchapia akiwa amesimama palepale. Sikuweza kumtazama. Alipoondoka niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na hofu haikupungua hata chembe.

Nimeamua kesho nikajiandikishe kusema mbele ya bodi. Duane bado hajui.

Nisalimie Mjomba Merle, na Tess, na wale mapacha wake, uwaambie nimepata picha zao za samaki. Mungu akulinde na utelezi wa barafu, akupe majira mepesi mwaka huu. Unapopata nafasi niombee, hasa Jumanne saa moja jioni.

Tangu asubuhi najizoeza hapa jikoni kusema, "Ni mimi niliyeandika." Maneno matatu tu, Shangazi, na bado sijaweza kuyafikisha mwisho.

Binti wa kaka yako, akupendaye siku zote,

Lorna