Kwa Sponji, Paka Wetu wa Karakana ya Sofa

Mwaka mzima umepita, Sponji, tangu asubuhi ile uliposinzia mapajani mwa Baba karakanani na usiamke tena. Mpaka leo tukiingia pale tunatazama chini kabla ya kukanyaga.

Ulikuja kwetu ndani ya sofa. Mteja alilileta likiwa limebonyea katikati. Baba akalipindua, akachana kitambaa cha chini akitafuta springi iliyokatika, akakuta macho mawili yanamtazama kutoka kwenye vipande vya sponji. Mwenye sofa aliapa kwamba hajawahi kufuga paka maishani mwake. Kitinda mimba wetu, ambaye sote tunamwita Kitinda, alikuwa bado mwanafunzi mwenye mkoba uliomzidi kimo. Alikufungia ndani ya sweta lake akagoma kukutoa. Baba akasema utakaa hadi wiki iishe. Hakusema wiki gani, na hakuna aliyemuuliza tena.

Ulikuwa na macho ya kujua kitambaa kizuri. Baba akitandika turubai, hukulisogelea. Akitandika mahameli, tayari umeshajinyoosha juu yake kama mwenye nyumba. Angeweza kukushusha, lakini alikuwa anakuzunguka na kwenda kushika kazi nyingine. Wateja waliokuja kuulizia viti vyao waliambiwa bila aibu kwamba kiti kiko tayari ila kimekaliwa. Na katika miaka yote hiyo hukuwahi kuparura kiti hata kimoja cha Baba. Makucha yako uliyanolea kwa kinyozi, jirani yetu, kwenye benchi lake la kungojea zamu. Baba alilishona upya benchi lile mara nyingi, na kinyozi akawa anasema kwamba nyie wawili mna mkataba.

Baba alipoumia mgongo akalazimika kulala chali sakafuni, hukwenda kuwinda. Ulilala ubavuni mwake, umemwegemea, unanguruma polepole. Yeye, fundi aliyezoea kupiga nyundo kutwa nzima, alituambia kwamba ngurumo ile ndiyo iliyomfanya asijione ametupwa pembeni.

Kitinda alikua, akaolewa, akahamia mji mwingine. Wewe ukabaki, masharubu yakiwa meupe, na Bibi, mama yake Baba, akaanza kukuita mzee mwenzangu. Huyo huyo Bibi aliyekuwa akisema kwamba paka ni wa nje. Tulimkuta zaidi ya mara moja akikuchambulia miiba ya samaki huku anakugombeza.

Aliyegundua kwanza kwamba hukuwa sawa ni Mama. Aliona unatafuna kwa upande mmoja na kwamba mate yanakutoka. Tukadhani ni jino. Daktari wa wanyama, mama mmoja asiye na haraka, alikufungua mdomo, akapapasa taya, akachukua kinyama kidogo kwenda kukipima. Majibu yalipotoka aliwaita Baba na Mama wakae. Ilikuwa saratani ya taya. Upasuaji unawezekana, alisema, ila ungeondoa kipande kikubwa cha mfupa, na figo zako zilikuwa zimeshachoka kwa uzee. Huenda usingeamka mezani. Ukiamka, ugonjwa huenda ukarudi. Njia nyingine ilikuwa dawa za maumivu, chakula laini, na siku moja, akasema, "mtakapoona imetosha, mniite."

Baba aliuliza kama unaumia. Daktari akamjibu kwamba paka huficha maumivu, kwa hiyo tuwe tunakuangalia kwa karibu.

Jumapili iliyofuata Kitinda alikuja, na jikoni kukawaka moto. Yeye alitaka ufanyiwe upasuaji. Alisema hatuwezi kukunja mikono na kukutazama ukiisha. Mama alisema kukupasua katika umri ule ni kukutesa mara mbili. Kila mmoja akamgeukia Baba, na Baba, kama alivyokuwa amejibu tangu siku ya majibu, akasema, "Tusubiri." Kisha akaondoka kwenda karakanani kung'oa pini kwenye kiti ambacho hakikuwa na haraka yoyote. Baadaye alikiri kwamba hakuwa anasubiri kitu. Alikuwa anaogopa, basi. Akisema ndiyo, anaona amekuua mezani. Akisema hapana, anaona amekuacha ufe.

Aliporudi kunywa chai, ubishi ulikuwa palepale. Wewe ulikuwa umelala kwenye mapaja ya Bibi, na Bibi akaweka kikombe chini.

"Na mimi nikifika hapo," alisema, "mtanijadili hivi hivi, niko katikati yenu?"

Mama alianza kusema kwamba hayo ya Bibi bado mbali, Bibi akamtazama tu. Ndipo Baba, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuzungumza na mama yake habari za kifo, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Mama, wewe ungetaka nini?"

Bibi hakutafuta maneno. Alikuwa nayo tayari, kumbe alikuwa anangoja aulizwe. Alisema kama kuna dawa ya kumponya, atakunywa hata iwe chungu vipi. Lakini kama haipo, asizungushwe hospitali hadi hospitali kwa sababu watoto wake wanaogopa. Asiachwe aumie. Asifichwe kitu. Kitanda chake kiwe karibu na dirisha la upande wa karakana, asikie watu wanafanya kazi. Na mtu amwoshe nywele, maana nywele chafu zinamfanya ajione mgonjwa. "Na uji wenu usiokuwa na sukari mpelekeeni mwingine," akamalizia.

Tulicheka, Mama akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Kisha Baba akakuinua kutoka mapajani mwa Bibi, akakuweka kwenye yake, na kwa mara ya kwanza akazungumza habari zako bila kukimbia. Hatuwezi kumuuliza huyu, alisema, lakini tunamjua. Akasema unachopenda ni jua la mlangoni, samaki, kukunwa chini ya kidevu, na kumwendea kinyozi asubuhi. Siku utakapoacha kuyataka hayo, tutakuwa tumepata jibu lako. Kitinda alikuwa anakutazama, na wewe ulikuwa unalamba mkono wa Baba. Mwisho akasema, "Sawa, Baba. Asipasuliwe. Ila niiteni kabla, msiniite baada."

Wiki ile ile dawa zilianza. Mwanzoni ulizitema kwa ustadi hata daktari akacheka, mpaka Mama alipogundua unazimeza zikichanganywa na samaki aliyepondwa. Ukaanza kula tena. Ukarudi mlangoni kwenye jua. Baba alikutengenezea ngazi ya sponji, akaivika mahameli, ili usilazimike kuruka kufika kwenye sofa. Asubuhi moja ulifukuza uzi sakafuni kama kitoto, Baba akasimamisha cherehani asije akakukatiza. Ule msimu wote tuliokaa nawe baada ya majibu tunauhesabu kuwa miongoni mwa nyakati zetu nzuri. Na Mama hakungoja Bibi augue ndipo amwoshe nywele. Alianza Jumamosi iliyofuata, na hajaacha.

Kisha ukaacha kwenda kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuja kuuliza uko wapi. Jua ukalipa mgongo. Siku moja ulisimama juu ya sahani yako, unanusa, unataka, na mdomo haukubali. Baba alipokukuna kidevu, ukageuza uso.

Baba hakusema tusubiri. Alimpigia Kitinda simu kwanza, akamwambia aje. Kisha akampigia daktari.

"Daktari, imetosha," alisema. "Naomba uje huku huku kwetu."

Kitinda alifika kabla ya daktari, akiwa bado amevaa sare ya kazini. Asubuhi hiyo nyundo haikupigwa. Ulikuwa mapajani mwa Baba, kwenye kipande cha mahameli ya buluu. Kitinda ameshika mguu wako wa mbele, Mama amesimama nyuma yao, Bibi yuko kwenye kiti chake. Daktari alieleza kila kitu kabla ya kukifanya. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi, na ilipokuwa inakuingia ukanguruma. Sote tulisikia. Baba akakuinamia akakwambia asante kwa kukaa naye. Mengine aliyokwambia sikioni ni yenu wawili.

Ulipokwisha kutulia, Baba alimuuliza daktari kama ameharakisha. Daktari alisema swali hilo huulizwa na karibu kila mtu, na mara nyingine humuuma kulijibu. Leo, alisema, halimuumi. "Hukuharakisha," akamwambia Baba, "na hukuchelewa."

Tungependa ujue yaliyotokea baadaye. Katikati ya mwaka huu Bibi alishikwa na homa ya mapafu, akakimbizwa hospitali. Madaktari walipotaka kujua la kufanya, Baba hakujificha karakanani. Alisogeza kiti, akamshika Bibi mkono, akamweleza kila alichoambiwa, akamuuliza. Bibi akasema hii si ile, hii inatibika, nitibuni. Akatibiwa, akapona, akarudi nyumbani akilalamikia uji. Kitanda chake sasa kiko dirishani. Hakuugua tena, ila alisema hana sababu ya kungoja.

Wanaokukumbuka ni Bibi, aliyeagiza atajwe wa kwanza, Baba, Mama, Kitinda na mumewe, sisi wakubwa zake, na kinyozi jirani, ambaye benchi lake ni zima na analalamika kwamba ni zima.

Maadamu tunaishi, Sponji, hutatutoka moyoni.