Cheti Kwanza

Magamba, Jumanne

Huyu mume wangu amenichosha. Vibaka wamempiga njiani akitoka Ugalla, wakachukua pikipiki na asali yote aliyorina huko. Kituo cha polisi akakipita huku anavuja damu, akatembea saa nzima kuja nyumbani kuchukua cheti cha uraia, kile tulichopewa tulipoacha kuwa wakimbizi. Eti bila cheti wataanza kumuuliza habari za Burundi. Miaka yote hii, na bado...

Tukarudi wote kituoni. Askari hakuuliza cheti. Alituandikia fomu ya kwenda kutibiwa, akasema, "Mzee, mbona umechelewa? Hao sasa wako mbali." Mume wangu akapokea fomu, cheti bado kiko mkono wa pili.

Nimemsema njia nzima. Halafu nikakumbuka alivyoingia nyumbani, shati limelowa damu. Neno langu la kwanza, kabla hajaomba chochote, lilikuwa, "Cheti kiko juu ya kabati."